Kamera Ilielea kwa Uzito Wake

Kuna maelezo ya historia ya sinema ambayo yamerudiwa mara nyingi hadi watu wameacha kuyadai ushahidi. Yanasema kwamba zamani kamera ilikuwa mzigo mzito uliosimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ukitazama mbele bila kusogea. Mafundi wakaipunguza uzito mwaka hadi mwaka. Na kadiri ilivyozidi kuwa nyepesi ndivyo ilivyoanza kutembea, kupanda ngazi, kupenya milangoni na hatimaye kuelea hewani. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Kamera nyepesi ilifika mahali ambapo kamera nzito haikufika. Lakini kufika ni jambo moja, na kufika kwa mwendo laini ni jambo jingine kabisa. Ukizitazama filamu zenyewe na vifaa vilivyozipiga, kuanzia mwaka 1896 hadi leo, utakuta kwamba wepesi ndio ulioleta mtikisiko, na kwamba ulaini ulipatikana kila mara mtu alipoongeza uzito, akaupanga kwa akili, kisha akautenga na hatua za miguu yake. Hiyo ndiyo hoja ninayoitetea hapa. Naitetea kwa sababu wapigapicha wengi wa leo wananunua wepesi wakidhani wananunua utulivu, na historia ingewaonya mapema.

Kamera ilianza kuelea juu ya maji. Mwaka 1896 Alexandre Promio, mmoja wa wapigapicha waliotumwa na ndugu Lumière wa Lyon kuzunguka dunia, aliweka kamera yake ndani ya mashua kwenye Mfereji Mkuu wa mji wa Venice na kuyaacha majumba yapite mbele ya lenzi. Stendi haikusogea hata kidogo. Kilichosogea ni mashua. Mwaka uliofuata kampuni ya Biograph ya Marekani ilitoa filamu ya njia ya reli ya Haverstraw, kamera ikiwa imefungwa mbele ya garimoshi linaloingia kwenye handaki na kutokea upande wa pili. Filamu za aina hiyo zilipendwa sana Uingereza na Marekani, kwa sababu mtazamaji alijiona anasafiri bila gari wala farasi, kama roho isiyo na mwili. Mwezi Aprili 1906 ndugu wa familia ya Miles walifunga kamera mbele ya tramu iliyokuwa ikishuka barabara ya Market katika San Francisco, siku chache tu kabla ya tetemeko la tarehe 18 kuuangusha mji huo. Anayeitazama filamu hiyo leo hushangaa jinsi picha ilivyo tulivu katikati ya mikokoteni, baiskeli na watoto wanaokatiza njia. Hakuna siri. Kamera iliazima uzito wa chombo kilichoibeba, na chombo kizito hakibadili mwelekeo wake ghafla.

Hatua ya pili ilikuwa kuuleta mwendo huo ndani ya studio, ambako hakuna mto wala reli ya treni. Giovanni Pastrone wa Torino alisajili hataza ya toroli la kamera mwaka 1912, na katika filamu yake ya Cabiria ya mwaka 1914 toroli hilo linasogea polepole, kwa mshazari, likiwakaribia waigizaji na kuwaacha. Pastrone alikuwa amejenga mahekalu na kumbi kubwa ajabu, na akaona kwamba kamera iliyosimama iliyafanya yaonekane kama mapazia yaliyochorwa. Kamera iliposogea, nguzo za karibu ziliteleza haraka kuliko kuta za mbali, na jicho likakiri kwamba mahali pale pana kina. Miaka miwili baadaye D. W. Griffith na mpigapicha wake Billy Bitzer walisimamisha kamera juu ya mnara wenye lifti uliosukumwa kwenye reli, ili waushukie ua wa Babeli katika filamu ya Intolerance. Ni mashine ya ajabu ukiifikiria: mnara mzima na kundi la watu wa kuusukuma, ili lenzi moja ishuke bila kutikisika. Wakati huo hakuna aliyewaza kwamba ulaini ungeweza kuja kwa njia nyingine.

Wajerumani ndio waliothubutu kuing'oa kamera kwenye stendi. Mwaka 1924 F. W. Murnau, mwandishi Carl Mayer na mpigapicha Karl Freund walitengeneza Der letzte Mann, filamu ya bawabu mzee wa hoteli anayevuliwa sare yake. Inaanza kamera ikiwa juu ya baiskeli ndani ya lifti ya wazi. Lifti inashuka, baiskeli inatoka, inaivuka sebule ya hoteli hadi kwenye mlango wa kuzunguka. Baadaye, bawabu anapolewa, Freund aliifunga kamera kifuani mwake na kuyumba chumbani kama mlevi. Waandishi wengi hukitaja kitendo hicho kama kuzaliwa kwa kamera ya mkononi, lakini wachache husimama kwenye jambo moja dogo: Freund alifunga betri mgongoni ili zishindane na uzito wa kamera iliyo kifuani. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko kitendo chenyewe. Miaka 50 kabla ya kifaa kilichokuja kulitatua tatizo hili, mpigapicha wa Berlin alikwisha kutambua kwamba mwili wa mtu hauwezi kubeba kamera vizuri bila mzigo mwingine wa kuikabili. Hakwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa eneo lenyewe lilimtaka ayumbe. Murnau alipohamia Hollywood na kupiga Sunrise mwaka 1927, alipotaka kamera imfuate mwanamume anayetembea usiku kwenye kinamasi, aliitundika kwenye reli zilizoshikizwa darini mwa studio. Charles Rosher na Karl Struss walipata tuzo ya kwanza ya Oscar ya upigaji picha kwa filamu hiyo. Picha inaelea kweli, lakini dari ndilo lililoubeba mzigo.

Ujio wa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920 uliifunga kamera ndani ya vibanda visivyopitisha kelele, kwa kuwa mota zake ziliunguruma. Kipindi hicho hakikudumu. Toroli zilirudi, kreni zikaja, na kamera za studio zikavikwa makasha ya kuzuia sauti yaliyozifanya kuwa nzito kupita kiasi. Kamera ya rangi ya Technicolor, ikiwa ndani ya kasha lake, ilikuwa na uzito wa mamia ya ratili. Ni katika miaka hiyo hiyo ya mizigo isiyobebeka ambapo sinema ilipata mwendo laini kuliko wowote uliotangulia. Mwongozaji Max Ophuls alizungusha kamera kati ya wacheza dansi hadi watazamaji wakahisi kizunguzungu cha furaha. Orson Welles aliifungua Touch of Evil, mwaka 1958, kwa picha moja ya kreni ya zaidi ya dakika tatu inayoruka juu ya mapaa ya mji wa mpakani na kushuka tena barabarani. Gharama ya ulaini huo ilikuwa utumwa wa sakafu. Mahali pasipowekwa reli au mbao zilizonyooka, kamera haikwenda. Ngazi hazikupandika, na kwenye chumba chembamba ilibidi ukuta ubomolewe ili toroli lipite.

Wepesi ulikuja kupitia milango mingine. Kampuni ya Arnold na Richter ya München ilitoa kamera ya Arriflex mwaka 1937, na Éclair ya Ufaransa ikatoa Cameflex mwaka 1947, zote zikiwa kamera za filamu ya milimita 35 ambazo mtu aliweza kuzishika mwenyewe. Kufikia mwaka 1960, kundi la Robert Drew nchini Marekani lilimfuata John F. Kennedy katika kampeni za Wisconsin, na Albert Maysles akapita katikati ya umati kamera ikiwa juu ya kichwa. Mwaka huo huo watu wa Paris waliiona À bout de souffle ya Jean-Luc Godard, iliyopigwa na Raoul Coutard, aliyewahi kuwa mpigapicha wa vita huko Indochina. Kama wepesi ungekuwa mama wa utulivu, tungetarajia filamu hizo ziwe laini kuliko za Ophuls. Hazikuwa. Zilikuwa na uhai, zilikuwa na ujasiri, nazo zilitikisika. Ushahidi bora zaidi uko katika mbinu ya Coutard mwenyewe: pale yeye na Godard walipotaka mwendo ulionyooka na hawakuwa na fedha za toroli, Coutard alikaa kwenye kiti cha magurudumu na Godard akamsukuma. Wale waliosifiwa kwa kuikomboa kamera walipohitaji ulaini walirudi kwenye magurudumu na kwenye uzito wa mtu aliyeketi.

Hapa atasimama mtu na kusema kwamba mtikisiko haukuwa kasoro, ulikuwa ukweli. La Battaglia di Algeri ya Gillo Pontecorvo, mwaka 1966, ilichukuliwa na wengi kuwa picha za habari halisi kwa sababu ilitikisika kama picha za habari. Waongozaji wa Denmark walioanzisha vuguvugu la Dogme mwaka 1995 waliliweka jambo hilo kuwa sheria: kamera ishikwe mkononi. Hoja yao ni kwamba binadamu anapotembea hatelezi kwenye reli, kwa hiyo kamera inayoteleza inadanganya. Naiheshimu hoja hiyo kama uamuzi wa kisanaa, lakini kama maelezo ya jinsi binadamu anavyoona naikataa. Msomaji anaweza kuipima papo hapo: tikisa kichwa huku ukisoma mstari huu, na utausoma bila taabu, kisha tulia kichwa na uutikise ukurasa kwa kasi ile ile, na maandishi yatavurugika. Ndani ya sikio kuna kiungo cha mizani kinachopima kila mzunguko wa kichwa na kuyaamuru macho yazunguke upande wa pili kwa kiasi kile kile. Mtu anayekimbia kupanda ngazi hauoni ulimwengu ukirukaruka. Kamera aliyoishika haina sikio la ndani, kwa hiyo hurekodi kila kishindo ambacho ubongo ulikuwa umekifuta. Picha inayotikisika inatuonyesha hali ya mikono ya mpigapicha. Picha inayoelea iko karibu zaidi na kile ambacho mtembezi anakiona kwa macho yake. Pontecorvo alifanikiwa kwa sababu watazamaji wake walikwisha kuzoea picha za habari, na alichokiiga ni zile picha.

Kipingamizi kigumu zaidi kinatoka Cuba. Mwongozaji Mikhail Kalatozov na mpigapicha Sergei Urusevsky, waliokuwa wameshinda Palme d'Or ya Cannes mwaka 1958 kwa filamu ya korongo wanaoruka, walikwenda Havana na kutengeneza Soy Cuba, iliyotoka mwaka 1964. Ndani yake kuna picha ambazo hadi leo huwafanya mafundi waulize zilipigwaje. Katika moja, kamera iko kwenye sherehe juu ya jengo la hoteli. Inashuka kwa nje ghorofa kadhaa, inapita kati ya wageni, na kumaliza safari yake chini ya maji ya bwawa la kuogelea. Katika nyingine, inaanza barabarani kwenye mazishi ya mwanafunzi aliyeuawa, inapanda ukutani hadi juu, inavuka kuingia kwenye chumba cha watengeneza sigara, inawapita wakifungua bendera dirishani, kisha inatoka kwenye dirisha hilo hilo na kuendelea hewani katikati ya barabara, juu ya umati. Kamera ilikuwa Cameflex, ile ile nyepesi. Hakukuwa na kifaa chochote cha kutuliza kama tunachokijua leo. Je, haya hayavunji hoja yangu?

Nadhani yanaithibitisha, ukitazama mzigo ulikuwa wapi katika kila sehemu ya safari. Kwenye kupanda, kamera ilibebwa na lifti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kwenye kuvuka, ilipokezanwa kutoka kwa mtu hadi mtu, na kila mmoja alikuwa amesimama imara kabla ya kuipokea. Kwenye kuelea juu ya barabara, ilining'inizwa kwenye waya. Mahali ilipotembezwa mkononi, Urusevsky alitumia lenzi pana mno ya milimita 9.8, na lenzi pana huficha mtikisiko kwa sababu kila kitu kinaonekana kidogo na mbali, hivyo tetemeko la mkono halihamishi vitu sana kwenye fremu. Weka lenzi ndefu kwenye kamera hiyo hiyo na uchawi unaondoka. Naongeza kwamba uwezo wa miili ya watu wale haukuwa wa kawaida. Urusevsky alikuwa amejifunza kushika kamera mkononi akiwa mpigapicha wa vita. Filamu ilipokelewa kwa ubaridi Havana na Moscow pia, ikasahaulika hadi miaka ya 1990, ambapo Martin Scorsese na Francis Ford Coppola walisaidia ionyeshwe tena. Ilichoonyesha ni kwamba mwendo wa kuelea uliweza kufikiriwa kikamilifu kabla ya kuwepo kifaa. Kilichokosekana ni njia ya kuupata bila jeshi la wasaidizi na bila kuibana lenzi.

Njia hiyo aliipata Garrett Brown wa Philadelphia, mtu aliyekuwa mwimbaji kabla ya kuingia kwenye utengenezaji wa filamu za matangazo. Brown alikuwa na toroli kuukuu lenye uzito wa ratili 800, kiasi cha kilo 360, na alichoka kulikokota kwa ajili ya kamera iliyokuwa nyepesi kuliko ndama mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuijaribu kamera kwenye bomba la chuma. Akagundua kwamba ukiishika kamera yenyewe, kila tetemeko la mkono linaizungusha. Lakini ukiifunga mwisho wa bomba, ukaweka uzito mwingine upande wa pili, kisha ukalishika bomba karibu kabisa na kitovu cha uzito wa vyote, mkono wako unapoteza uwezo wa kuizungusha kwa bahati mbaya. Wachukuzi wa maji wa miji ya pwani walilijua jambo hili kwa mabega yao: mzega wenye madebe mawili, moja kila ncha, haugeuki kwa kusukumwa kidogo, kwa sababu uzito uliotawanywa mbali na katikati huwa mgumu kuanza kuzunguka. Maji yale yale yangekuwa kwenye debe moja katikati ya mti, mti ungegeuka huku na huku kwa kila hatua.

Sehemu ya kamera ilitatuliwa hivyo, lakini ilibaki ile ya miguu. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kwa kila hatua, na bomba lililoshikwa mkononi hupanda na kushuka pamoja naye. Mikono ya Brown pia ilichoka. Akajifungia kwa muda katika chumba cha moteli hadi akapata umbo la mwisho: fulana ngumu inayopeleka mzigo mabegani na kiunoni, na mkono wa chuma wenye viungo viwili na springi zinazoubeba uzito wote wa kamera kwa kiasi kile kile, iwe juu au chini. Mpigapicha hakuweza tena kuweka jicho kwenye kamera, maana kichwa chake kingeitikisa; akawekewa skrini ndogo sehemu ya chini ya nguzo, na skrini hiyo pamoja na betri zikawa ndio uzito wa upande wa pili. Hapo ndipo ninapoona akili ya kifaa hiki. Vitu vyote ambavyo fundi wa kawaida angevipunguza ili mzigo uwe mwepesi, Brown alivisogeza mbali na kamera na kuvipa kazi. Kampuni ya Cinema Products ya Los Angeles, chini ya Ed DiGiulio, ilikitengeneza na kukiita Steadicam. Kikiwa na kamera ya milimita 35, jumla ya mzigo ulizidi kilo 30, mara nyingi zaidi ya Cameflex ya Urusevsky. Kamera ilielea kwa sababu ilikuwa imeongezewa uzito.

Ili kukiuza, Brown alikusanya picha zilizodhaniwa haziwezekani, mojawapo ikiwa ya mchumba wake akikimbia kwenye ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia. Mwongozaji John Avildsen alipoiona aliuliza ngazi hizo ziko wapi, na ndipo bondia wa Rocky akapata mahali pa kupandia. Mwaka huo wa 1976 filamu tatu zilitoka na kifaa kipya: Marathon Man, Rocky, na Bound for Glory ya Hal Ashby. Katika hiyo ya tatu, Brown anaanza akiwa juu ya kreni, kreni inashuka hadi chini, naye anainuka na kutembea katikati ya kambi ya wafanyakazi wahamiaji yenye mamia ya watu, bila mtazamaji kuona mahali chuma kilipomkabidhi mtu kamera. Mpigapicha mkuu, Haskell Wexler, alipata Oscar kwa filamu hiyo, na mwaka 1978 kifaa chenyewe kikapewa Oscar ya ufundi.

Kuna wanaosema kwamba kuanzia hapo mashine ilichukua kazi na binadamu akabaki mbebaji. Filamu ya The Shining inawajibu. Stanley Kubrick, aliyekuwa akiwashinikiza watu wake warudie picha moja mara nyingi kupita kawaida, alimpa Brown kumbi na korido za kutosha kuufikisha ufundi wake mahali ambapo haukuwa umefika mwaka 1976. Kamera iligeuzwa juu chini ili lenzi ikaribie sakafu na kumfuata mtoto kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kwa picha hizo Brown aliketi kwenye kiti cha magurudumu, kama Coutard. Katika mwaka 1983 filamu ya tatu ya Star Wars ilionyesha pikipiki zinazoruka kwa kasi ya kutisha kati ya miti mirefu ya California. Brown alitembea tu msituni humo kwa miguu, kamera ikipiga fremu moja kila sekunde moja na theluthi. Picha ilipooneshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, mwendo wa kilomita tano kwa saa ukawa wa kilomita 160. Kwa kasi hiyo ya uchukuaji, kosa dogo la mkono huongezeka mara 32, na hakuna springi inayoweza kumkinga mtu asiyejua kutembea. Mwezi Desemba 2001 Tilman Büttner alilibeba tatizo hilo hadi mwisho wake alipopita katika jumba la Hermitage la Saint Petersburg kwa zaidi ya dakika 90 bila kukata, akipiga Russian Ark ya Alexander Sokurov. Majaribio matatu yalivunjika. La nne likafanikiwa. Kilichomhangaisha Büttner dakika za mwisho kilikuwa mgongo wake.

Anayeishi leo ana pingamizi lake, na ndilo lililo karibu nasi zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya Freefly ilitoa MōVI, na mwaka uliofuata DJI ikatoa Ronin. Hizi ni gimbali za mota: sensa ndogo hupima kila mzunguko wa kamera, na mota tatu huirudisha mahali pake mara nyingi kwa sekunde. Hakuna nguzo ndefu wala mizigo ya kukabiliana. Leo kijana anaingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue, anatoka na gimbali ya simu, na jioni hiyo anapiga harusi. Je, wepesi haujashinda mwishowe? Jibu liko kwenye idadi ya mota. Tatu, kwa sababu kamera inaweza kuzunguka kwa njia tatu: kuinama na kuinuka, kugeuka kushoto na kulia, na kulala ubavu. Mota zinazuia mizunguko hiyo na hakuna kingine. Haziwezi kuzuia kamera yote kupanda na kushuka pamoja na mwili wa anayeibeba. Ndiyo maana katika video nyingi za harusi upeo wa macho umenyooka kabisa, milima na majengo ya mbali yametulia, lakini bibi harusi aliye hatua mbili mbele anadundadunda kwenye fremu. Cha mbali hakionyeshi mdundo wa sentimita tatu. Uso wa karibu unauonyesha wote. Gimbali imeiga nusu ya kazi ya Steadicam, ile ya kuzuia mzunguko, na nusu iliyobaki imeiacha kwenye magoti ya mpigapicha.

Programu ya simu nayo haina jibu kamili. Inatuliza picha kwa kukata kingo za fremu na kuihamisha fremu iliyobaki kinyume cha mtikisiko, na mchana wa jua inafanya kazi nzuri. Taa zinapopungua, kila fremu inahitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na ndani ya muda huo simu imekwisha kusogea. Fremu inatulizwa ikiwa tayari imefifia, na ukumbi wa harusi saa tatu usiku unajaa picha zisizotikisika zenye ukungu unaopiga kama mshipa.

Wenye fedha nyingi za sinema wamelitambua jambo hili, na wamefanya uamuzi wa kueleweka. Kampuni ya ARRI, ile ile iliyotoa Arriflex, ilitengeneza Trinity, ambayo huunganisha gimbali ya mota na nguzo, mkono wa springi na fulana ya Brown. Wakati mwongozaji Sam Mendes na mpigapicha Roger Deakins walipoipiga filamu ya 1917, iliyotoka mwaka 2019 na kumpa Deakins Oscar, walitumia Trinity na Steadicam, na kamera nyingine zikapokezanwa kutoka kwenye waya hadi mikononi mwa watu, kutoka mikononi hadi kwenye gari, kama ilivyofanyika Havana miaka 55 kabla. Mota imeongezwa juu ya uzito. Haikuuondoa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaofundisha upigaji picha katika vyuo vyetu na kwa wenye studio za video wanaowapokea vijana wa kujifunza: kabla ya kumkabidhi mwanafunzi gimbali, mpeni bomba la chuma la mita moja, kamera ya zamani ncha moja na kopo la mchanga ncha ya pili, atafute kitovu cha uzito kwa kidole, kisha atembee nalo kwa magoti yaliyolegea kuzunguka jengo hadi picha iwe ya kutazamika. Vifaa hivyo vinapatikana kwa fundi wa kuchomelea yeyote, na havihitaji kuchajiwa.